Kupigwa ngeta ugenini: kisa cha msafiri wa shanta aliyeshuka Nairobi kabla ya kucha

Kisa chenyewe hakina ajabu kwa mtu wa Nairobi, na huko kutokuwa na ajabu ndiko kulikokaribia kumponza mhusika. Kijana wa Mwanza, umri miaka 25, shanta mgongoni, alishuka basi la kutoka Kampala saa kumi na moja alfajiri, giza bado limetanda. Akaamua kutembea hadi hosteli kwa sababu ramani ya simu ilimwonyesha mwendo wa robo saa tu. Katika kichochoro kimoja cha River Road mtu alimpitishia mkono shingoni kutoka nyuma. Alipozinduka alikuwa amelala kando ya mtaro, hana shanta, hana kibegi cha kiunoni chenye pasipoti na pesa, hana simu, hana viatu.

Hapa mjini hiyo inaitwa ngeta. Karibu kila mkazi ana ndugu au jirani aliyewahi kupigwa ngeta, kwa hiyo karibu kila mkazi ana la kusimulia. Aliyepigwa yeye alikuwa na machache sana ya kusema, na ilichukua siku kadhaa kabla mtu hajamwachia nafasi ya kuyasema.

Mimi ni mshauri nasaha. Wenye hosteli na watu wanaopokea wageni majumbani huniuliza mara kwa mara wafanye nini mgeni anapofikwa na jambo kama hili. Naona heri nikieleze kisa hiki kimoja kuliko kutoa orodha ya maagizo. Mwenyewe ameridhia, na yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Msimamo wangu niutangulize: madhara mengi yaliyoweza kuzuilika yalitokea baada ya wezi kuondoka, na yaliletwa na watu wema wenye haraka. Aliyekabwa hunyang'anywa uamuzi pamoja na mali. Anayekuja kumsaidia kwa kumwamulia kila kitu anauendeleza unyang'anyi huo bila kujua.

Saa za kwanza

Aliyemkuta alikuwa mama anayewauzia makanga, yaani makondakta wa matatu, chai na mandazi. Hakumuuliza limetokea nini, maana lilikuwa wazi. Alimkalisha kwenye kreti la soda, akamfunika leso mabegani, akamtazama kichwani na mikononi kama kuna damu, kisha akauliza: "Nikutilie sukari nyingi ama kidogo?" Kijana aliniambia baadaye kwamba swali hilo analikumbuka kuliko yote ya siku ile. Lilikuwa la kwanza kumtaka achague kitu.

Watu walijaa. Mwenye boda mmoja alitaka kuwafukuzia wezi, vijana wawili wakajitolea kwenda "kumaliza hiyo maneno" wao wenyewe. Mama akawakemea: "Mwacheni apumue kwanza." Tunajua kelele za "mwizi!" huishia wapi katika jiji hili. Mtu aliyetoka kukabwa akishuhudia mwenzake anapigwa mawe kwa ajili yake, atabeba mizigo miwili badala ya mmoja. Mama akampa simu yake apige namba yoyote anayoikumbuka. Kijana hakukumbuka hata moja. Mama akaendelea kukaanga mandazi, hakumharakisha, na baada ya muda namba ya dada yake Mwanza ikamjia.

Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine unaiweka kazi hii katika vitenzi vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Mama wa chai hajausoma. Nimewahi kuendesha mafunzo ya siku nzima yaliyotoa wanafunzi wasiomfikia.

Hosteli ilipopata habari ilituma mtu, akamchukua kijana moja kwa moja hadi kituo cha polisi. Hapo mpangilio ukaanza kuharibika. Swali la kwanza mezani lilikuwa: "Sasa wewe ulikuwa unatafuta nini huko saa hiyo?" Polisi lazima wajue mtu alikuwa wapi na saa ngapi, sina ugomvi na hilo. Ila likiulizwa la kwanza, na kwa sauti ile, swali hilo huwa hukumu. Kijana, kwa malezi ya kwao, akajibu, "Samahani, afande." Aliomba radhi kwa kuibiwa.

Hata hivyo alipata namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na hiyo si kitu kidogo. Bila OB hakuna abstrakti, yaani karatasi ya polisi ya kuthibitisha kwamba tukio limeripotiwa, na bila abstrakti ubalozi, benki na kampuni ya bima hukurudisha mlangoni. Abstrakti ya polisi hailipiwi. Mgeni aambiwe hivyo kabla hajafika kituoni, si baada ya kutoka.

Shingo na kumbukumbu

Ngeta haifanani na kunyakuliwa simu kwenye dirisha la matatu. Mkono ukibana mishipa mikubwa ya damu iliyo pembeni mwa shingo, ubongo hukosa damu na mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde kama kumi. Akizinduka anaweza asiwe na alama yoyote ya nje, akaonekana mzima, akasema yuko sawa. Lakini sauti iliyokwaruza, maumivu ya kumeza, vidoa vyekundu kwenye weupe wa macho, maumivu makali ya kichwa au shingo, au mkono unaolegea ni dalili za kumwona daktari siku hiyo hiyo, maana mshipa uliochanika kwa ndani unaweza kuleta kiharusi hata siku kadhaa baadaye. Ndiyo sababu mimi husema hospitali kwanza. Kituo cha polisi hakifungwi, OB inaweza kuandikwa jioni.

Kijana wetu alikaa kwenye benchi la kituo asubuhi nzima kabla mtu hajamtazama koo. Alipelekwa hospitali mchana, na hapo ni kwa sababu mama mwenye hosteli alisikia sauti yake ikikwaruza. Daktari alimpima, akampa sindano ya pepopunda kwa michubuko ya goti na kiwiko, akamtajia dalili za kumrudisha mbio, akamkumbusha kuomba fomu ya P3 kwa polisi. P3 hujazwa na daktari, nayo ndiyo inayosimama mahakamani badala ya majeraha. Koo lililovimba leo litakuwa limepona zamani siku kesi itakapotajwa.

Kumbukumbu ilimsumbua kuliko koo. Katika taarifa ya kwanza alisema mkabaji alikuwa mmoja. Kesho yake akakumbuka kwamba mtu mwingine alikuwa akimvua viatu huku wa kwanza bado ameshika shingo, na kwamba sauti fulani ilisema "lala". Afisa mpelelezi akamjia juu: jana ulisema mmoja, leo wawili, kesho watakuwa kikosi? Tangu hapo kijana akaanza kujishuku. "Labda natunga, mama," aliniambia.

Hakuwa anatunga. Ubongo uliokosa damu hauandiki, na pale ulipoandika, hofu ilikuwa imeubana utazame vitu vichache mno. Yeye alikumbuka harufu ya gundi na baridi ya zipu ya jaketi kwenye shavu lake, na hakukumbuka uso hata mmoja. Kumbukumbu za namna hii hurudi vipande vipande, tena bila mpangilio. Nilimshauri aandike anachokumbuka kwenye daftari pamoja na tarehe aliyokikumbuka, na palipo tupu apaache tupu. Watu walikuwa wameshaanza kumjazia. Mmoja alimwambia hao ni vijana wa mtaa fulani, mwingine akasema lazima walimfuata tangu kwenye basi. Mtu mwenye pengo kichwani hupokea vipande vya wenzake kwa njaa, na baada ya wiki hawezi tena kutofautisha alichoona na alichoambiwa.

Hosteli iliyojaa masimulizi

Jioni ile hosteli nzima ilikuwa imeshajua. Wakamzunguka jikoni kwa mapenzi ya kweli, chapati zikapikwa, na masimulizi yakaanza. Huyu rafiki yake alichomwa kisu Ngara. Yule alivuliwa pete na kidole kikaenda nayo. Wakamalizia kwa lile la kawaida: "Una bahati, wengine hawaamki." Kila mgeni aliyeingia mlangoni alitaka kukisikia kisa kutoka kwa mwenyewe. Kufikia jioni ya pili kisa kilikuwa na mahali pa kuchekea, na kijana alikisimulia huku akicheka. Usiku alikaa kitandani, mgongo ukutani, hadi adhana ya alfajiri.

Mimi ni wa kizazi cha washauri waliokomaa baada ya bomu la 7 Agosti 1998 kwenye ubalozi wa Marekani, lililoua watu 213 hapa jijini. Zama zile ilikuwa desturi katika nchi nyingi kumkalisha manusura mapema iwezekanavyo na kumsimulisha yote tangu mwanzo hadi mwisho, kana kwamba hofu ni jipu la kukamuliwa. Tafiti zilizofuata hazikuiunga mkono desturi hiyo. Kikao kimoja cha kusimulishwa hakimkingi mtu na mfadhaiko wa baadaye, na baadhi ya watu kinawazidishia. Shirika la Afya Duniani linashauri kisitumike. Anayetaka kusema asikilizwe, anayetaka kunyamaza aachwe, na hadithi za wengine zingoje siku nyingine. Jikoni mwa hosteli sheria hiyo ni ngumu kuisimamia kuliko hospitalini, kwa kuwa jikoni hakuna mkubwa.

Kulikuwa pia na vidonge. Mgeni mmoja mwenye roho nzuri alimpa dawa za usingizi za jamii ya diazepamu alizokuwa nazo kwenye begi. Kijana akameza usiku wa pili, akalala kama gogo, akaamka mzito na mwenye hofu zaidi kwa sababu alihisi asingeweza kujitetea kama mtu angeingia. Dawa za namna hiyo hazipendekezwi kwa mtu mzima aliyepatwa na kiwewe ndani ya mwezi wa kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unalisema hilo waziwazi.

Aliyepatia zaidi alikuwa mama mwenye hosteli. Kijana alikuwa amemwamkia "shikamoo" siku ya kwanza, koo likikwaruza vile vile, na katika mji ambao vijana humsalimu mtu mzima kwa "sema" au "niaje", shikamoo hiyo ilimfungulia mlango. Alitaka kumhamishia chumba cha peke yake karibu na chake. Kabla ya kubeba godoro akauliza, "Mwanangu, unataka chumba chako ama ubaki na wenzako?" Akachagua kubaki kwenye bweni, kitanda cha chini cha pembeni, ambako hakuna anayeweza kupita nyuma yake. Mimi ningemchagulia chumba cha peke yake, na angeteseka humo.

Siku ya tatu

Nilipoitwa ilikuwa siku ya tatu. Alisimama, akaniamkia, akaomba radhi kwa usumbufu. Kwa saa moja tuliyokaa aliomba radhi mara nyingi mno: kwa kuchelewa kujibu, kwa kuomba tubadilishane viti ili aone mlango, kwa machozi. Usingizi ulikuwa wa saa mbili tatu. Pikipiki ikipiga mlio barabarani aliruka. Chakula hakikumshuka. Alikuwa akilia bafuni maji yakiwa yamefunguliwa ili asisikike.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililo ugonjwa siku ya tatu. Mfadhaiko wa baada ya kiwewe hautambuliwi kitabibu kabla dalili hazijapita mwezi mmoja, na watu walio wengi hutulia ndani ya wiki chache bila tiba yoyote ya kitaalamu, ikiwa wana mahali pa kulala, watu wa kuwaamini na jambo la kufanya. Nilimwambia hivyo kwa maneno machache. Mwenye hofu akishikishwa jina la ugonjwa siku ya tatu huanza kujichunguza saa zote.

Kilichonitia wasiwasi ni aibu. "Sikurusha hata ngumi moja," alisema, akitazama mikono yake. Amekua akibeba magunia ya dagaa Kirumba, ana mabega ya mtu wa kazi, na maisha yake yote ameambiwa kwamba mwanamume hujitetea. Tukahesabu sekunde kumi kwa saa ya ukutani, kimya. Zilipokwisha akauliza, "Ni chache hivyo?" Ni chache hivyo, na ndani yake kuna sekunde kadhaa ambazo mwili wowote huganda kwanza kabla ya akili kujua kuna nini. Mabondia hukabwa. Askari hukabwa. Wanaume wanaoibiwa ugenini husema "mali hutafutwa" kisha hawasemi tena, nasi tunaupokea ukimya huo kama ukomavu.

Aibu yake ilikuwa na mzizi mwingine. Mlinzi wa kituo cha basi alimshauri abaki ndani ya basi mpaka kuche, kama abiria wengine walivyofanya. Yeye akashuka. Sikumwambia kwamba hilo halina maana, kwa sababu lina maana, na angejua namdanganya. Nilimwomba atenganishe sentensi mbili alizokuwa akizisema kwa pumzi moja: "nilishuka kabla ya kucha" na "mimi mjinga". Ya kwanza ni habari, na safari ijayo anaweza kuibadilisha. Ya pili haina la kufanywa nayo.

Kutembea tena

Kazi yetu kubwa ilifanyika kwa miguu. Kwanza hadi kwenye kioski getini, kununua maziwa. Halafu hadi mwisho wa mtaa. Kisha Jeevanjee Gardens saa ya chakula cha mchana, wahubiri wakipaza sauti na watu wakipitana kwa mabega. Nilimuuliza anitake wapi, mbele, kando au nyuma. Akasema nyuma. Tukakaa kwenye benchi, mgongo wake wazi, mpaka moyo uliokuwa ukimwenda mbio ukashuka wenyewe. Hilo la kungoja ndilo muhimu. Anayeondoka hofu ikiwa kileleni huufundisha mwili kwamba kuondoka ndiko kulikomwokoa.

Baada ya siku mbili akataka kurudi kichochoroni River Road, alfajiri ile ile, ili ajithibitishie. Nilikataa kumsindikiza, nikamwambia kwa nini. Hofu ya umati wa mchana pale Jeevanjee ilikuwa imezidi kipimo, hiyo tunaipunguza. Hofu ya River Road gizani ni sahihi, mimi mwenyewe ninayo na nimezaliwa hapa. Wapo wanaodhani kupona ni kutoogopa chochote.

Simu iliyoendelea kusema

Wakati anakabwa simu ilikuwa mkononi, ramani imefunguliwa, haina kufuli. Aliyeichukua hakuhitaji nywila. Kabla ya saa sita mchana ndugu na marafiki wa Mwanza walishapokea ujumbe kutoka namba yake: nimepata shida Nairobi, nitumie laki mbili kwa namba hii, usinipigie. Mjomba mmoja alituma.

Kijana alikuwa amemwomba dada yake asimwambie mama yao, kwa sababu ya presha yake. Basi mama akapata habari kutoka kwa wezi, nusu nusu, na kwa saa kadhaa aliamini mwanawe ametekwa. Tangu kisa hiki, mambo mawili nimeyapandisha juu kwenye orodha ninayowapa wenye hosteli. Laini ifungwe mapema kwa simu ya mtu mwingine, mara mgonjwa akishafika hospitali. Na mtu mmoja wa nyumbani aambiwe ukweli wote, achague yeye namna ya kuwafikishia wengine. Ukimya wa kumlinda mzazi huacha nafasi, na nafasi hiyo kuna mtu ataijaza.

Pesa za kujikimu zilitumwa kwenye laini ya mama mwenye hosteli. Alimkabidhi zote kwa hesabu kila zilipoingia, hata pale ambapo ingekuwa rahisi kumwekea na kumpa kidogo kidogo. Alielewa kazi.

Gwaride

Siku chache baadaye polisi walipiga simu: kifaa kimepatikana, na kijana aliyekuwa nacho yuko ndani. Njoo umtambue.

Gwaride la utambulisho lina kanuni zake. Mshukiwa hupangwa na watu wasiopungua wanane wanaolingana naye kwa umri, kimo na sura, na shahidi hatakiwi kumwona wala kuona picha yake kabla. Kwenye korido afisa mmoja, nadhani kwa kutaka kusaidia, alitoa simu amwonyeshe picha. Msafiri wetu akageuza uso. "Hapana, afande. Nikishaiona sitajua tena nilimwona wapi."

Usiku wa kabla ya hapo hakulala, na sababu haikuwa ngeta. Mwanafunzi wa sheria pale hosteli alikuwa amemweleza kwamba wizi unaofanywa na zaidi ya mtu mmoja, au kwa silaha, au kwa kumjeruhi mtu, huitwa wizi wa mabavu, na kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinauwekea adhabu ya kifo. Ni kweli. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji, kisha mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi ule uliyahusu mauaji peke yake. Ni kweli pia kwamba Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na kwamba marais waliwabadilishia waliohukumiwa kifo kuwa kifungo cha maisha, mwaka 2009 na tena 2016. Hayo mwanafunzi hakuyataja. Kijana akaniuliza, "Nikinyoosha kidole, nitakuwa nimemuua mtu?"

Tulizungumza muda mrefu. Sikumwambia afanye nini. Nilimkumbusha lile daftari: kuna harufu ya gundi, kuna zipu, hakuna uso. Shahidi huulizwa alichokiona, hukumu ina wenyewe. Akaingia, akapita mbele ya mstari, akatoka akasema hawezi kumtambua yeyote. Mpelelezi hakufurahi. Jikoni mwa hosteli walimwambia amemwachilia mwizi. Akawajibu kwamba hakumwona, na kwamba asingeweza kusema alimwona ili watu wafurahi. Hakuomba radhi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Mshukiwa alishtakiwa kwa kupatikana na mali ya wizi. Ni kosa la kifungu cha 322, ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 14.

Kurudi au kuendelea

Safari yake ilikuwa bado ina nusu nzuri: treni ya Mombasa, Lamu, kisha kurudi nyumbani kupitia mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro hadi Tanga. Mama yake alitaka arudi leo. Marafiki wa safari walimhimiza aendelee, asiwape wezi ushindi. Ushauri wote wawili naupenda kwa kiasi kile kile, yaani siupendi. Wa kwanza unamfanya akimbie, wa pili unamfanya ashindane na watu ambao hata jina lake hawalijui. Nilimwomba asiamue chochote mpaka apate usiku tatu za usingizi mfululizo.

Huku anangoja usingizi, makaratasi yalikwenda. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakivuka mipaka yao kwa vitambulisho vya taifa tangu 2014, lakini Tanzania haimo katika mpango ule, kwa hiyo bila pasipoti alikuwa amekwama. Kutoa hati za kusafiria kwa raia waliokwama ni kazi ya kibalozi inayotajwa na Mkataba wa Vienna wa 1963, na watu wengi hawajui kwamba mlango ule ni wao. Dada yake alikuwa na picha ya ukurasa wa pasipoti na ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania (NIDA). Picha hizo mbili, pamoja na abstrakti, zilimpunguzia maswali mengi. Hati za dharura za namna hii kwa kawaida ni za kumfikisha mtu kwao, hivyo kutangatanga mipakani kusingewezekana tena. Mombasa na Lamu ziko Kenya na bado alikuwa na nafasi ya kuzijadili.

Alipolala usiku tatu aliamua kurudi kupitia mpaka wa Namanga. Nilimuuliza kama anakimbia. Akafikiri, akasema pesa zimebaki za nauli tu, mama yake anahitaji kumwona kwa macho, na "Lamu haihami". Akachagua basi la asubuhi lifikalo Arusha mchana, kwa shangazi yake, kabla ya kuendelea Mwanza. Kiti cha nyuma kabisa, chenye ukuta nyuma yake. Sikuona sababu ya kulipinga hilo, barabara ya Namanga si mahali pa mazoezi.

Mwezi ulipopita tulizungumza kwa simu. Usingizi umerudi, isipokuwa siku za mvua kubwa, sijui kwa nini na yeye hajui. Anabeba magunia tena. Kinachobaki ni kinyozi: hawezi kuvumilia mtu asimame nyuma yake na kumgusa shingo, nywele zimekuwa kichaka na mama yake analalamika. Kwa dalili hiyo moja, bila ndoto mbaya wala kukwepa watu, hakufikia kiwango cha mfadhaiko wa baada ya kiwewe. Tumekubaliana aanze kwa kunyolewa na dada yake, akiwa ameketi mbele ya kioo. Likikwama hadi mwezi wa tatu, ataenda hospitali ya Bugando, Mwanza, akaulize tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, na barua ya rufaa nimeshamwandikia. Kwa walio Kenya, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, hupokea watu wenye shida za namna hii, na hatari ikiwa bado ipo mlangoni ni 999 au 112.

Kesi inaendelea kuahirishwa. Akihitajika kutoa ushahidi wa umiliki wa simu anaweza kuomba afanye hivyo kwa video, jambo ambalo mahakama za Kenya zimelizoea tangu miaka ya Korona. Simu yenyewe bado iko kwa polisi kama kielelezo, na yeye ameshanunua nyingine, ya vitufe.